Mama Mkwe Dirishani

Kiti cha ndege cha daraja la kawaida kina upana wa shubiri mbili za mkono wangu, ukiacha mikono yake ya pembeni. Nimekipima mwenyewe. Nilikipima tukiwa hewani, mkanda kiunoni, huku abiria aliyekaa upande wa njia akinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kukiiba. Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko Bilele, hapa Bukoba mjini, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimelisha familia kwa kazi ya kukalisha watu. Nikiona kiti, kiwe cha kanisani, cha benki au cha hospitali, siwezi kukikalia kabla sijakibonyeza. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi husema kuuliza si ujinga, na mkono nao huuliza.

Siku hiyo, kushoto kwangu, dirishani, alikuwa amekaa mama mkwe. Watu wakiniuliza habari za Ulaya huwa nawaeleza habari za kiti kile, nao hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Ulaya nilikaa wiki mbili tu. Kwenye kiti kile nilikaa saa tisa, na sijamaliza kukifikiria.

Mke wangu ni muuguzi. Alipata nafasi ya kusoma miaka miwili huko kaskazini kwenye baridi, na alipoondoka hakuna aliyejua kuwa ni mjamzito, hata yeye mwenyewe. Mtoto alizaliwa hukohuko, kwa upasuaji. Mwanangu nilimwona kwanza kwenye simu, amevalishwa kofia ya sufu, na nyuma yake mama yake anacheka kidogokidogo ili mshono usimuume. Wiki ya tatu hakucheka. Kidonda kilikuwa kimefunguka, wamemshona upya, na chumbani yuko peke yake na kichanga, hana wa kumpokea hata akaoge. Nilimwuliza tumtumie nini. Akasema, "Namtaka mama." Mwanamke aliyewahi kushona vichwa vya watu waliopigana mapanga, anasema namtaka mama kama mtoto wa chekechea. Nilikwenda nyuma ya karakana, kwenye rundo la mbao, nikalia.

Mama mwenyewe anaishi Nshamba, wilayani Muleba, katikati ya kibanja chake cha migomba na kahawa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mguu wake wa kushoto ulivimba ukawa kama mche wa mgomba, akalazwa, ikaonekana damu ilikuwa imeganda ndani. Alipona. Lakini tulipokwenda kumwuliza daktari kama anaweza kusafiri, daktari alinitazama mimi, si yeye. "Anaweza," alisema. "Ila asikae tu. Kila saa moja asimame, atembee, anywe maji mengi. Damu ikilala kwenye mguu ule inaweza kuganda tena, na ikipanda mapafuni, huko juu hamna hospitali." Nikaitikia kama mwanafunzi. Nilirudia maneno hayo njia nzima, kila saa, asimame, atembee, anywe maji, ili nisije kuyasahau.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipoanza, na si la kidaktari.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja wala benchi moja. Nikifika Nshamba mimi hukaa karibu na mlango, naye hukaa kwenye mkeka upande wa pili, amegeuka kidogo. Akitaka kunipa akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna, anaziweka chini, anarudi mahali pake, ndipo naziokota. Akitaka kuniuliza jambo anamtuma mdogo wake anayeishi naye, mama mdogo, hata kama mama mdogo yuko jikoni na hasikii kitu. "Mwulize mkwe kama mvua imenyesha Bukoba." Nami namjibu mama mdogo asiyekuwepo, "Mwambie mama imenyesha." Mazungumzo yetu ya miaka saba yalikwenda hivyo, na yalikwenda vizuri. Najua vijana wa siku hizi huwakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera. Sisi tulilelewa vingine. Tuliambiwa ukimgusa mama mkwe mikono yako itatetemeka mpaka kaburini. Sijawahi kumwona mtu anayetetemeka kwa sababu hiyo, lakini pia sijawahi kumwona aliyemgusa. Na fundi mwenye mkono unaotetemeka, kazi iliyobaki ni kuuza mbao.

Kwa ajili ya desturi hiyo, mbele yake macho yangu huwa chini. Uso wake nilikuwa siujui sawasawa, lakini miguu yake ningeitambua hata sokoni.

Kikao kilifanyika Nshamba, sebuleni kwake, baada ya ibada ya Jumapili. Sisi wa Maruku, kijijini kwetu, ni Wakatoliki, wao ni Walutheri, na jambo hilo tulilimaliza kabla ya harusi kwa kikao kimoja. La viti lilichukua vikao viwili. Mama mdogo alisema mmoja akae mbele, mwingine akae nyuma kabisa. Mama mkwe, kwa kumtumia huyohuyo mama mdogo, akauliza akisemeshwa na Mzungu atajibu nini, maana Kiingereza anachokijua ni "gudi moning" ya darasa la tatu. Kila mtu aliona kuwa ni lazima tukae pamoja, na kila mtu aliona kuwa haiwezekani. Mwishoni mjomba wa mke wangu, ambaye akishasema hakuna mwingine anayesema, akakohoa. "Kuwe na kitu katikati yao," alisema. "Ukuta ni ukuta, hata ukiwa mwembamba." Wote wakanigeukia mimi, maana fundi ni mimi.

Nisiwe mnafiki, nilifurahi. Fundi akipewa fumbo hulala nalo. Nilikata sponji ngumu, ile ya kuwekea makochi ya hoteli, unene wa inchi tatu, urefu wa kutoka kiunoni hadi begani, nikaishonea kitenge alichokichagua mama mdogo. Ikawa ukuta unaobebeka kwapani. Kisha nikataka kuujaribu. Nilimpigia mke wangu kumwuliza vipimo vya viti vya ndege. "Vipimo sikumbuki," alisema. "Nakumbuka magoti. Magoti yaligusa mbele." Vipimo vingine nikavitafuta kwenye simu. Kwa mbao za paini nikatengeneza benchi la viti vitatu vilivyobanana, na mbele yake kizuizi cha ubao mahali pa mgongo wa kiti cha mbele. Nikalipeleka Nshamba kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka kitanda cha mteja.

Tuliliweka sebuleni chini ya dirisha linalotazama migomba. Mama mkwe akakaa dirishani. Mama mdogo akawa mimi, katikati, na ukuta wa sponji kati yao. Upande wa njia tuliegesha gunia la kahawa, likawa Mzungu. Mimi nilikaa kwenye kizingiti na simu mkononi, na kila ilipotimia saa moja niligonga mlango. Mama mkwe alimsukuma mdogo wake kiunoni, wakacheka, akapita juu ya mapaja yake, gunia likavutwa kando, wakazunguka kibanja mara moja na kurudi kunywa maji. Mzunguko wa tatu majirani walikuwa wamejaa uani. Mmoja aliuliza ndege inaondoka saa ngapi, na kama kuna nafasi imebaki.

Nilirudi Bukoba nimevimba kichwa. Nilikuwa nimepima kina, upana, urefu na muda. Ila mama mdogo ni mdogo wake, wamelala kitanda kimoja utotoni. Mimi si mama mdogo, na hilo sikulipima.

Tulikwenda Mwanza kwa basi, maana mama mkwe alisema ndege ya Bukoba hupita juu ya ziwa, na ziwa analijua. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa ndege ndogo, ilikuwa soda moja na karanga, hatukujifunza kitu. Asubuhi yake tukapanda ile kubwa.

Tiketi yake ilikuwa ya upande wa njia, yangu ya katikati, na dirishani alishakaa bwana mmoja mnene mwenye vipokea sauti masikioni. Niliangalia ile njia. Watu walikuwa wanapita wakigonga kila bega na mabegi yao. Kwetu mkubwa hawekwi njiani. Mtu wa heshima hupelekwa ndani, mbali na mlango, na watoto ndio hukaa wanapopita watu. Nikamwomba yule bwana kwa Kiingereza changu cha kununulia vitambaa Kampala ampishe mama dirishani, yeye aje njiani. Alikubali haraka mno. Ningejiuliza kwa nini, lakini nilikuwa nashughulika kumtengenezea mama mkwe mahali pake. Akaingia ndani, nikausimamisha ukuta wangu wa sponji, nikakaa katikati, na yule bwana akakaa mahali pa gunia.

Saa ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ndani ya ndege. Nilibonyeza kila kitu. Sponji yao ni nyembamba lakini haizami, na mpaka leo sijui wanaichanganya na nini. Mgongo wa kiti umepinda kwa mtu ambaye kiuno chake kiko mahali fulani, na nikatazama watu wote waliokuwa wanasimama nisimwone mtu huyo. Mahali pa kichwa palinisukuma kisogo mbele, nikawa kama mtu anayesoma kitabu asichokuwa nacho. Kuna kitufe cha kulaza kiti. Nilikibonyeza, kiti kikalala vidole vitatu, nikakibonyeza tena nikidhani kimekwama. Hapana, ndiyo mwisho wake. Nilimhurumia fundi aliyeambiwa, tafadhali, watu walale, lakini wasilale. Kwenye karakana yangu kochi zuri ni lile linalomfanya mtu asahau kuwa amekaa. Kile kilikukumbusha kila dakika.

Kwa kuwa mama mdogo alibaki Nshamba, ilibidi tupate wa kutusemea. Mama mkwe akalichagua dirisha. "Mwulize mkwe," aliliambia, "haya mawingu ndege inayapasua au inayakwepa?" Mimi nilichagua kile kioo kidogo cha sinema kilicho mbele ya kila abiria. "Mwambie mama inayapasua." Tuliendelea hivyo kwa raha kabisa, na yule bwana akaongeza sauti masikioni mwake.

Ilipofika saa moja nilikiambia kioo kwamba daktari alisema watu wanyooshe miguu. Dirisha likaambiwa kuwa mtu hajachoka. Saa ya pili ikawa hivyohivyo. Saa ya tatu nikamwona ameegemeza kichwa dirishani, nikasema moyoni, mwache mzazi apumzike. Nilijidanganya, kwa sababu nami nilikuwa naogopa kuuliza mara ya tatu. Mtu akikataa mara mbili kwetu humsumbui.

Tulikuwa juu ya jangwa, saa ya nne imepita, nilipotazama chini kama kawaida yangu nikaiona miguu yake.

Haikugusa sakafu. Mama mkwe ni mfupi, na kiti kile kilimzidi kama vidole vinne. Miguu ilikuwa inaning'inia, na ukingo wa kiti umembana nyuma ya magoti. Fundi yeyote anajua maana yake. Damu inapita hapo kama maji kwenye mpira uliokanyagwa. Mguu wa kushoto ulikuwa hauna tena kifundo. Mkanda wa ndala ulikuwa umezama kwenye nyama. Miguu yake naifahamu kwa miaka saba, lakini ule sikuujua.

Nikatazama mfuko wa kiti mbele yake. Vikombe vitatu vya maji, vile vyenye kifuniko cha karatasi, vilikuwa vimepangwa humo, na hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Mwambieni mama," nilikiambia kioo, na sauti yangu haikuwa ya heshima, "maji mbona hayajanywewa?"

"Mwambieni mkwe," aliliambia dirisha, polepole, "nitayanywa nikifika."

Ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Anayekunywa maji ataomba kutoka. Anayeomba kutoka atamwambia mkwe wake anakwenda chooni, kisha atapita juu ya mapaja yake mbele ya watu. Tangu tunapaa alikuwa ameshakata shauri: hatakunywa, hatasimama, atakaa hivyo saa tisa ili asinivunjie heshima wala asiivunje yake. Mimi ndiye niliyemtoa njiani, alipoweza kusimama bila kumwomba mtu, nikamfungia ndani. Na juu ya kumfungia nikampunguzia kiti kile chembamba inchi tatu kwa ukuta wangu maridadi wa kitenge. Heshima si utumwa, ndivyo tunavyosema. Ile yangu ilikuwa kamba.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mjomba na kikohozi chake, nikakikasirikia kiti, na nikachelewa sana kujikasirikia mimi. Kule mbele kulikuwa na mwanamke mwenye kidonda kilichoshonwa mara mbili, anahesabu saa za kumwona mama yake, na mimi nilikuwa nampelekea msiba.

Nikamgusa bega yule bwana. Tukasimama wote wawili njiani. "Njia iko wazi," nilisema, na sikukumbuka hata kukiambia kioo. Mama mkwe alinitazama miguu, nadhani, kisha akashika kiti cha mbele ajiinue. Mguu wa kulia ulikubali. Wa kushoto ulikataa. Akarudi chini kwa kishindo na akatoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mhudumu alikuja mbio. Nilimweleza kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho: mguu, damu, daktari. Akaniambia miguu iinuliwe, iwekewe kitu chini, kisha nikikunje na kukikunjua kifundo chake taratibu, nisisugue. Yeye akaenda kuleta maji na kutafuta kama kuna tabibu miongoni mwa abiria. "You," alisema akininyooshea kidole, na hata mama mkwe alielewa.

Iwekewe kitu gani chini? Nilitazama huku na huku. Begi langu liko juu, mto wao mwembamba kama chapati. Nikautazama ukuta. Nikauchomoa, nikaukunja katikati, ukawa inchi sita, nikaujaribu kwa mkono. Haukuzama. Ilikuwa sponji nzuri, sikatai.

Kisha nikataka kupiga magoti nikakuta nafasi ile haina magoti. Mke wangu alishaniambia. Nikainua mikono ya viti, nikajilaza kifudifudi juu ya viti viwili, miguu yangu ikining'inia njiani ambako watu walikuwa wanairuka, kichwa changu kiko chini kwenye giza la mifuko na karanga zilizodondoka, mbele ya miguu ya mama mkwe. Nikaushika mguu wake. Nasema nikaushika, kwa mikono yote miwili. Ulikuwa wa baridi, na mzito kuliko nilivyotegemea. Nikaivua ndala, nikaweka sponji chini, nikaupandisha juu yake mmoja na kisha wa pili. Nikaanza kukikunja kifundo na kukikunjua, kukikunja na kukikunjua, nikihesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu miche.

Alikuwa amejifunika khanga kichwani mpaka usoni. Nilifika mia na kitu. Nikasikia vidole vyake vinachezacheza mkononi mwangu, na ganzi inapoachia huuma, kila mtu anajua.

"Mpola, waitu," alisema. Polepole, mwenzetu.

Sijui alimwambia nani. Dirisha hakuwa analiona.

Alikunywa vile vikombe vitatu kimoja baada ya kingine, bila kupumzika, kisha cha nne alicholeta mhudumu. Tabibu hakupatikana. Akasimama, akaniwekea mkono begani, tukatembea ile njia nyembamba hadi nyuma, mimi mbele, yeye nyuma, watu wakivuta viwiko vyao. Nilisimama nje ya mlango wa choo nikitazama dari kama askari wa zamu. Tuliporudi nilimwomba yule bwana arudi dirishani kwake. Alipumua kwa uchungu, mtu anayejua anachopoteza, na nikamwelewa kabisa. Mama mkwe akakaa njiani, miguu juu ya ukuta, na kila saa alisimama bila kumwuliza mtu. Kabla ya kutua alifungua fundo la khanga yake, akatoa punje za akamwani. Nilisubiri aziweke kwenye kimeza. Akazimimina kiganjani mwangu.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti pale wanapopokelea wageni, mtoto kifuani. Alipotuona hakunitazama mimi. Alitazama mkono wa mama yake ulioshika mkono wangu, akaanza kulia tukiwa bado mbali, kwa sababu kwa mtu wa kwetu mkono ule ukiwa pale ni lazima kuna jambo baya limetokea.

"Mama, umepatwa na nini?"

"Nimekaa," mama mkwe alisema. "Lete mtoto."

Mguu ulipimwa siku ya pili. Ulikuwa umevimba tu, damu haikuwa imeganda. Mke wangu alioga siku hiyo kwa saa nzima, na tulisikia maji yanamwagika na yeye anaimba.

Nilirudi Bukoba peke yangu. Asubuhi ya kwanza kule Bilele, kabla hata sijafagia, nilichukua shazia, ile sindano kubwa, na uzi wa makochi nikajaribu kuutia. Niliukosa mara ya kwanza. Mara ya pili uliingia. Huwa naukosa mara ya kwanza tangu zamani, kwa hiyo sijui niseme nini, na bado kila siku nautazama mkono wangu kwa udadisi.

Mama mkwe alirudi baada ya miezi mitatu, ameletwa na mke wangu wakati wa likizo. Nilikwenda Nshamba kuwapokea nikiwa sijui nitakuta mambo gani. Nilikuta yaleyale. Yeye kwenye mkeka, amegeuka kidogo, mimi karibu na mlango, mama mdogo jikoni. "Mwulize mkwe kama mvua imenyesha Bukoba." Nilimjibu mama mdogo kuwa imenyesha. Nilifarijika, na nikiri kwamba niliumia pia kidogo.

Lile benchi langu la paini lilikuwa bado chini ya dirisha, na ukuta wa sponji, ambao mama mkwe alirudi nao, umelazwa chini mbele yake, kitenge kimeanza kupauka. Wageni walikuwa wengi. Jirani mmoja alikaa dirishani, mwingine njiani. Mjomba alipoingia, akaona nafasi pale katikati, akajipenyeza kwa shida ili akae.

"Hapo pana mwenyewe," mama mkwe alisema kutoka kwenye mkeka.

Mjomba alibaki amekunja magoti nusu, akitazama ni nani. Sebule nzima ikatazama. Nami nikatazama sakafu, kwa mazoea.

"Mwambieni mkwe," alisema, na mama mdogo alikuwa bado jikoni, "akae mahali pake."

Nikainuka mlangoni, nikapita kati ya watu, nikakaa. Magoti yaligusa mbele.